Kipimo cha Heshima

Mshauri mpendwa wa ukurasa wa nane, naomba unisaidie kabla ya Jumatano ijayo, na kama mezani kwako kuna rundo la barua basi hii yangu iweke juu, maana nimezungukwa na watu wanaonificha jambo na sijui tena nimwamini nani, si mume wangu, si wifi yangu, si daktari, na hata nesi wa mlangoni siku hizi akinichekea najiuliza anacheka nini.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na sita, nashona nguo za kike kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, nina vyerehani viwili, kioo kirefu, pazia la kubadilishia na meza ya kukatia, na haya sikuambii kwa kujisifu ila nataka ujue kwamba mimi ni mtu wa macho, mteja akiingia kabla hajanisalimia nimeshajua kiuno chake na bega lipi limeshuka, kwa hiyo nikikuambia kuna kitu kinapikwa usidhani ni wasiwasi tu wa mgonjwa. Mimi ni mnene, na siyo kidogo, na wateja wangu wengi ni wanene wenzangu, wanatoka mbali wakipita mafundi wengine njiani kwa sababu kwangu hawaaibishwi. Mafundi wengine wakimpima mtu wanapaza sauti, "Nyonga hamsini na mbili!", na wote waliopo wanageuza shingo. Mimi nina kipimo cha heshima. Nikikuta hamsini na mbili nasema kwa sauti, "Arobaini na sita, mama, umependeza kweli," anatabasamu, anaacha kuvuta tumbo ndani, nampima vizuri, halafu kwenye daftari langu naandika hamsini na mbili kwa herufi ndogo asizoweza kuziona, na nguo ikiisha inamkaa sawasawa. Nimefanya hivyo miaka thelathini na hakuna aliyewahi kurudisha gauni.

Sasa mwezi wa pili nilikuwa najaribu sidiria niliyojishonea nikagusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, nikaenda hospitali, wakachukua kinyama cha kupima, wakasema ni saratani, na daktari akaamua nianze kwa dawa ya mshipani mara sita, kila baada ya wiki tatu, ili uvimbe upungue kwanza halafu ndiyo nifanyiwe upasuaji. Nikapiga moyo konde. Ila siku hiyohiyo alisema neno ambalo mpaka leo limenikaa kooni, kwamba mwanamke akishakoma hedhi mafuta ya mwilini ndiyo yanayoendelea kutengeneza homoni inayoweza kulisha saratani ya aina hii yangu, na kwamba unene ni moja ya mambo yanayoongeza uwezekano wa kuipata. Mshauri, nilisikia kama ameniambia nimejitakia mwenyewe. Mama yangu alikuwa mnene kunizidi na amefariki akiwa na miaka themanini na tatu, matiti yake yote mawili yakiwa mazima, na pale kliniki kuna mwanamke anayekaa kiti cha jirani yangu tukiwekewa dawa, moyoni nimempa jina la Bi Kijiti, ana kilo hamsini na moja na ana ugonjwa uleule. Mafuta yake yako wapi? Tangu siku hiyo machale yakaanza kunicheza, nikasema hawa watu wameshatafuta pa kusingizia mapema, dawa yao ikishindwa watasema ni unene wangu.

Na kweli, sikiliza ninayoyaona. Bi Kijiti ni nusu yangu lakini mfuko wa dawa wanaomtundikia unalingana na wangu, nimeupima kwa macho na macho yangu hayakosei. Yeye akitoka pale anatapika siku mbili, kucha zimekuwa nyeusi, mimi nachoka kidogo, nalala mchana mmoja, kesho yake nipo kwenye cherehani, sasa niambie kama hayo ninayowekewa si maji. Baada ya dozi ya tatu uvimbe wake daktari aliutafuta kwa vidole akaukosa, wangu akaugusa, akafungua faili, akanitazama, akatazama faili tena, akaniuliza, "Mama, uzito wako ndiyo huuhuu?" nikamjibu ndiyo, akasema, "Uvimbe umepungua, lakini kidogo sana kuliko nilivyotegemea," halafu badala ya kunieleza mimi mwenye titi akamwita mume wangu kwenye korido wakanong'ona, na mume wangu aliporudi nilimuuliza mlikuwa mnasema nini akajibu, "Tulikuwa tunaongea tu." Tunaongea tu! Mtu tumeoana miaka thelathini na moja. Wiki hiyohiyo nikamkuta amesimama kwenye meza yangu ya kukatia, ameshika daftari la vipimo, na si daftari tu, amelifungua kwenye ukurasa wangu mimi mwenyewe, aliponiona akalifunga akasema anatafuta kalamu, na kalamu ilikuwa sikioni mwake.

Wifi yangu ndiye anayenitia shaka kuliko wote. Ni dada yake mume wangu, ndiye anayenisindikiza kliniki, na ananitazama mno. Pale kliniki mzani uko kwenye korido mbele ya benchi la wagonjwa, na nesi anayepima anamtangazia karani aliyekaa mwisho kabisa, "Hamsini na moja! Sitini na nne!" na watu wote wanasikia. Siku ya kwanza zamu yangu ilipokaribia nilitoka jasho, nilijua kabisa niko mia na kumi na mbili, nakuandikia wewe kwa sababu hunijui sura, nikasema haiwezekani mimi niliyewasitiri wanawake miaka yote hii nikatangazwe kama gunia. Pembeni ya mzani kuna meza. Nilipopanda nikaweka mkono juu ya meza kama mtu mwenye goti bovu, nikakandamiza taratibu mpaka mshale ukarudi tisini ukatulia, maana mkono wangu umezoea kutuliza kitambaa kinachoteleza, nesi akapaza sauti, "Tisini!" na hakuna aliyegeuka. Nikajipa kipimo changu cha heshima kama ninavyowapa wengine, nimempunja nani? Kila zamu nafanya hivyohivyo. Sasa mara ya mwisho wifi akanisogelea akaninong'oneza, "Wifi, mbona kila siku unashika meza?" Nikamwambia goti. Akasema, "Goti lako hili mbona ulinisubiri sokoni umesimama saa nzima?" Unaona mtu huyo? Ananichunguza mpaka magoti. Nina hakika ndiye anayepeleka maneno kwa kaka yake.

Katikati ya hayo yote yupo mtu mmoja tu aliyenizungumzisha kama binadamu. Alikuja mwezi uliopita kushonesha koti jeupe refu lenye mifuko miwili ya mbele, akaniona nimefunga kilemba, akaniuliza kwa upole, nikamweleza, akasema daktari amenipa ukweli nusu, kwamba ugonjwa wangu umekaa ndani ya mafuta na mafuta yakiyeyuka utakosa pa kukaa, naye anayo dawa ya kuyeyusha, siku arobaini, ila sharti niache kabisa ya hospitali kwa sababu dawa mbili zitapigana. Chupa ameshaniachia, nimeificha chini ya cherehani nyuma ya pedali, na amesema nianze Jumatano, siku ileile ya dozi yangu ya nne.

Basi mshauri nisaidie, niende kliniki nikawekewe maji yao, au nikae nyumbani nianze chupa? Na mume wangu na dada yake nifanye nao nini? Nina wajukuu wawili, sijawashonea bado sare za shule za mwaka kesho, na sitaki kufa. Hilo ndilo nililokuwa naogopa kuliandika na nimeshaliandika.

Ni mimi, Fundi Mwenye Mashaka

*

Fundi,

Barua yako nimeiweka juu, na nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuhurumia mpaka chai ikapoa. Mara ya pili ulinivuta kabisa, nikaanza na mimi kumshuku nesi wa mlangoni. Mara ya tatu nikachukua kalamu nyekundu, maana mtu anayewashuku wote waliomo ndani ya barua mara nyingi amemruka mmoja.

Na nimempata. Shaka yako ni ya kweli, dada, kuna mtu anayekupunguzia dawa. Umemwandika mwenyewe bila kumshtukia: ni yule anayesimama juu ya mzani na mkono wake mezani.

Usilitupe gazeti, kaa chini. Mimi si daktari, kwa hiyo nilimpigia daktari wa saratani nikamsomea habari ya mzani bila kukutaja. Akasema, "Mwambie arudi haraka aseme." Dawa ya mshipani, akanieleza, kwa kawaida hupigiwa hesabu kwa urefu na uzito wa mgonjwa. Mtu mwenye kilo mia na kumi na mbili akiandikwa tisini, anatayarishiwa dawa ya mtu wa tisini. Wewe umepigiwa hesabu ya mwanamke ambaye hayupo! Zamani, akasema, hata madaktari wenyewe waliwahi kuwapunguzia wanene kwa kuogopa kuwazidishia, na wanene ndio walioumia, ndiyo maana siku hizi wanasisitiza uzito halisi utumike. Wewe umeurudisha udhia huo kwa mkono wako mwenyewe.

Siwezi kukuapia kwamba hiyo ndiyo sababu pekee uvimbe wako unasuasua. Saratani zenyewe hazifanani, na miili haifanani. Bi Kijiti anaweza kutapika na wewe usitapike hata mngepewa sawasawa, na kutapika si cheti cha dawa kufanya kazi. Mfuko nao usikudanganye: sehemu kubwa ya ule ujazo ni maji ya kuipitishia dawa, kwa hiyo mifuko miwili inaweza kulingana na dawa iliyomo ikatofautiana. Macho yako ni ya kupimia viuno, huko yaachie. Lakini daktari wako anahangaika kutafuta jibu akiwa na namba ya uongo mkononi, na namba hiyo ni yako.

Tuje kwenye lile neno lililokukaa kooni. Daktari hakukutukana. Ni kweli kwamba baada ya hedhi kukoma mafuta hutengeneza homoni hiyo, na ni kweli unene unaongeza hatari ya saratani kadhaa, ya titi kwa umri wetu, ya mfuko wa uzazi, ya utumbo mpana, ya figo, na nyingine. Kuongeza hatari si kutoa hukumu. Ndiyo maana mama yako alifika themanini na tatu akiwa mzima, na ndiyo maana Bi Kijiti yuko kiti cha jirani na kilo zake hamsini na moja. Hakuna aliyekuletea bili ya kosa. Ila naona ulichofanya: ulisikia aibu mahali ambapo daktari alikuwa anatoa maelezo, na tangu hapo kila anayekukaribia unamwona amekuja kukuaibisha.

Nami ni mnene, fundi, ili usidhani nakusemea kutoka upande wa pili wa ukuta. Najua benchi hilo na najua jasho hilo. Na wiki jana fundi wangu aliniambia kiuno changu ni arobaini, nikatembea na kidevu juu siku tano, sasa umeniharibia raha yangu yote. Nesi anayetangaza kilo za watu koridoni anakosea, na nitaandika hivyo kwa herufi kubwa: wauguzi mnaosoma ukurasa huu, vuteni pazia, andikeni kimya. Mgonjwa aliyeaibishwa atawadanganya, na uongo wake utaingia kwenye dripu.

Huyo bwana wa koti jeupe sasa. Fundi, wewe mwenye macho makali kiasi hicho, daktari gani anaanza udaktari kwa kushonesha koti? Amechukua neno moja la kweli la daktari wako akalishonea uongo mrefu. Saratani haikai ndani ya mafuta kama mpangaji anayesubiri kufukuzwa. Kupungua uzito ni jambo zuri kwa wakati wake na kwa njia yake, na utalizungumza na kliniki, lakini kuyeyuka ghafla ukiwa katikati ya matibabu kunakula misuli na nguvu zinazokubeba. Chupa hiyo usiimwage. Itoe nyuma ya pedali, ifunge kwenye mfuko, ipeleke kliniki waione, na kama umeshaionja hata kijiko kimoja uwaambie. Koti lake mshonee umkabidhi, na mlango wako asiuone tena.

Wifi yako unamwonea. Katika watu wote walioko kwenye korido hiyo, wagonjwa, nesi, karani, ni mmoja tu aliyeona mkono wako. Aliona, na hakupaza sauti. Alikunong'oneza, yaani alikupa heshima ileile unayowapa wateja wako, na wewe ukamwita mpelelezi. Na mumeo, masikini, mwizi gani anatafuta kalamu iliyoko sikioni mwake? Mimi nabashiri, na sidhani nakosea, kwamba daktari alimuuliza kama mkewe kweli ana kilo tisini. Yeye hajui kilo zako. Akaenda kutafuta mahali pekee katika nyumba hiyo panapoandikwa ukweli kuhusu mwili wako, akafungua ukurasa wako. Kosa lake ni kukuficha, naye nitamgombeza kwa hilo: baba, ukimwogopa mkeo kiasi hicho mwambie tu, "Daktari ana wasiwasi na uzito wako," halafu ukae karibu. Ila huyo si mtu anayekupangia mabaya, ni mtu anayeogopa kubaki peke yake.

Usisubiri Jumatano. Gazeti hili litakufikia Ijumaa, na hesabu ya dawa hufanywa kabla hujafika kwenye kiti. Jumatatu asubuhi nenda kliniki na wifi yako, umwombe samahani njiani ili mfike mmeshamaliza. Mwombe nesi akuone pembeni, na kama ulimi utagoma, mpe karatasi uliyoandika nyumbani: "Uzito wangu si tisini. Nilikuwa naegemea meza. Naomba nipimwe upya faragha kabla ya dozi ya nne, na daktari aambiwe kuhusu dozi tatu zilizopita." Basi. Hawatakucheka, na wakikucheka niandikie mimi na majina yao. Usiombe wakufidie dawa iliyopungua, hilo waachie wao wapange. Mwulize daktari maswali yako yote ya mfuko, ya kucha, ya uvimbe, na safari hii mume akae ndani chumbani, asiitwe koridoni.

Neno la mwisho, halafu nikuache. Umesema miaka thelathini hakuna aliyerudisha gauni. Nakuamini, na sababu umeiandika mwenyewe: arobaini na sita ulikuwa unaisema kwa mdomo tu, mkasi wako ulikata hamsini na mbili. Hujawahi hata siku moja kumkatia mwanamke kitambaa kwa kipimo cha heshima, kwa sababu ulijua kisingemtosha.

Wajukuu wanasubiri sare. Panda mzani, fundi, mikono yote miwili kifuani.